Makengeza ya Mtoto Mchanga: Sumu Inapogeuka Kuwa Dawa

Ndugu msomaji, leo tuanze na mfano. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Shule imefungwa, umerudi nyumbani Nyakakika. Umeshuka kwenye bodaboda, umepita katikati ya migomba, umefika uani. Mdogo wenu wa mwisho, ambaye ulimwacha mchanga kabisa, sasa ana miezi 7. Unambeba. Unamwangalia usoni. Unashtuka. Jicho la kushoto linakutazama wewe, la kulia linatazama pua.

"Shikamoo bibi. Mbona macho ya mtoto yako hivi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hayo yatanyooka yenyewe. Watoto wengi huwa hivyo."

Mama yeye ana wasiwasi, lakini kahawa haijauzwa na nauli ni tatizo. Anasema tusubiri kwanza aanze kutembea. Jirani anasema kuna majani fulani, ukiyakamua na kumtia mtoto machoni, jicho linarudi. Kisha wote wanakugeukia. Si wewe ndiye unayesoma Baiolojia? Sema basi!

Utasema nini? Somo la leo ni la kukusaidia kujibu. Twende taratibu.

BIBI ANA HAKI KIASI GANI?

Bibi hajakosea kabisa. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake bado haujajua kuyaongoza macho mawili kwa pamoja. Ndiyo maana katika wiki za kwanza macho ya kichanga hutangatanga. Jicho linaweza kuingia ndani mara moja moja, kisha likarudi. Hilo ni la kawaida, na kwa watoto wengi huisha mtoto akifikisha miezi 3 au 4.

Tena kuna makengeza ya uongo. Watoto wengi wadogo wana pua pana na bapa kati ya macho, na ngozi ya kope hufunika sehemu nyeupe ya jicho upande wa pua. Ukimtazama unaona kama macho yameingia ndani, kumbe yamenyooka. Pua ikikua, sura hiyo huondoka.

Lakini mtoto wetu ana miezi 7, na jicho limeingia ndani muda wote, asubuhi na jioni. Hapo bibi anapaswa kusikilizwa kwa heshima, kisha mtoto apelekwe kupimwa. Kanuni ni rahisi kukumbuka: makengeza yanayodumu baada ya miezi 4 yanahitaji kuonwa na mtaalamu. Na yale ya kudumu muda wote, hata kabla ya umri huo, yaonwe pia.

JARIBU MWENYEWE

Chukua tochi ndogo. Mwombe rafiki yako akae mbele yako, mkono mmoja mbali, aitazame tochi. Usitumie mwanga mkali sana, na kamwe usitumie leza. Tazama mboni zake. Katika kila jicho utaona nukta ndogo ya mwanga unaong'aa. Kwa mtu ambaye macho yamenyooka, nukta hizo zinakaa mahali pamoja, karibu na katikati ya mboni, kulia na kushoto sawasawa.

Kwa mwenye makengeza, nukta ya jicho moja iko katikati, na ya jicho la pili imehama pembeni. Kwa mwenye makengeza ya uongo, nukta zote mbili zinalingana. Daktari naye huanza na kipimo kama hicho hicho. Ila kumbuka: wewe si daktari. Kipimo chako ni cha kukupa sababu ya kwenda kliniki, hakiwezi kuwa sababu ya kutokwenda.

KAMBA SITA ZA JICHO

Kila jicho linashikiliwa na misuli 6. Miwili kati ya hiyo ndiyo muhimu kwa somo la leo: mmoja upande wa pua, ambao hulivuta jicho ndani, na mmoja upande wa sikio, ambao hulivuta nje.

Umeshawahi kucheza mchezo wa kuvuta kamba? Timu mbili zikilingana nguvu, kitambaa cha katikati hakihami. Jicho ndicho kile kitambaa. Timu ya puani ikivuta kuliko ya sikioni, jicho linaingia ndani. Ikizidiwa, jicho linatoka nje. Misuli yenyewe mara nyingi haina ugonjwa. Tatizo liko kwenye amri zinazotoka kwenye ubongo kupitia neva.

Kwa nini hutokea? Mara nyingi chanzo hakijulikani. Makengeza huonekana zaidi katika baadhi ya koo, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kwa wenye mtindio wa ubongo. Wengine wanahitaji miwani: wanakaza macho ili waone vizuri, na ule mkazo huyavuta macho ndani. Hayaletwi na kijicho cha jirani. Hayaletwi na mama kumbeba mtoto mgongoni, wala na kitu alichokiona akiwa mjamzito. Mama asilaumiwe.

KWA NINI TUSINGOJE?

Hapa ndipo penye uzito. Wengi hudhani makengeza ni suala la sura tu. Hapana. Ni suala la kuona.

Jicho ni kama kamera, lakini picha inasomwa na ubongo. Macho yakitazama pande mbili, ubongo hupokea picha mbili tofauti. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo ghafla huona vitu viwili viwili. Mtoto mchanga ubongo wake una ujanja: unaizima picha ya jicho lililopinda. Ukiizima siku nyingi, lile jicho linazoea uvivu. Jicho lenyewe ni zima, lakini ubongo haujajifunza kulitumia. Wataalamu wengi huliita jicho vivu.

Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo, kuliamsha jicho vivu ni kazi ngumu sana, na mara nyingi haiwezekani kikamilifu. Na uwezo wa kutumia macho mawili kwa pamoja, yaani kupima umbali na kina, hujengeka mapema zaidi. Ndiyo maana madaktari wanapenda macho yanyooshwe kabla mtoto hajafikisha miaka 2, ikiwezekana.

Unataka kujua kupima kina ni nini? Funga jicho moja, halafu jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Au shika kalamu mbili, moja kila mkono, ugonganishe ncha zake. Kisha fungua macho yote mawili ujaribu tena. Umeona tofauti?

DALILI YA HATARI: DOA JEUPE

Kabla hatujaendelea, soma aya hii mara mbili. Wakati mwingine makengeza ni dalili ya ugonjwa mwingine ndani ya jicho. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye watoto wadogo pia humpata. Inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikichelewa inaua, na ikiwahiwa inatibika.

Dalili yake kubwa ni weupe katikati ya mboni, kama jicho la paka gizani. Siku hizi watu wengine huiona kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga: jicho moja linang'aa jekundu au rangi ya chungwa kama kawaida, na la pili linang'aa jeupe. Ukiliona doa hilo, usingoje kahawa iuzwe. Ni safari ya wiki hii hii.

Vilevile mtoto akipata makengeza ghafla, akiwa na homa, kutapika, degedege, au kichwa kinachokua haraka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo tatizo laweza kuwa kwenye ubongo.

MATIBABU NI YAPI?

Daktari wa macho huanza kwa kupima. Humtia mtoto dawa ya matone ya kupanua mboni, akatazama ndani ya jicho na kupima kama anahitaji miwani. Baada ya hapo kuna njia kadhaa, na mara nyingi huchanganywa.

Kwanza, miwani. Kwa baadhi ya watoto miwani peke yake huyanyoosha macho. Ndiyo, hata mtoto wa mwaka mmoja huvaa miwani!

Pili, kiraka. Jicho zuri hufunikwa saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Wengine hutiwa dawa ya matone ya kulififisha jicho zuri kwa muda. Hii hutibu uvivu wa jicho, hainyooshi makengeza yenyewe.

Tatu, operesheni. Daktari huulegeza msuli unaovuta sana, au huukaza ule uliozidiwa. Jicho halitolewi nje, kama watu wanavyotishana vijiweni.

Nne, sindano ya sumu ya botulinamu. Hapa ndugu msomaji utauliza: sumu? Kwenye jicho la mtoto? Ngoja tukueleze.

HISTORIA YA SUMU HII

Kuna bakteria anayeishi udongoni duniani kote, jina lake la kitaalamu ni Clostridium botulinum. Hapendi oksijeni. Akipata chakula kilichofungwa bila hewa, kisicho na chumvi wala tindikali ya kutosha, huzaliana na kutoa sumu. Ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana.

Katika miaka ya 1820 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, alieleza jinsi watu walivyokuwa wakipooza na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Jina la sumu hii linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mwaka 1895 huko Ubelgiji, wanamuziki waliopiga kwenye mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa vibaya, wakaugua, na 3 wakafa. Mwanasayansi Emile van Ermengem akaichunguza nyama hiyo akampata bakteria.

Na huku kwetu? Mwaka 1980 jarida moja la kitabibu la Uingereza liliandika juu ya watu wa Kenya waliopatwa na sumu hii baada ya kula kumbikumbi. Oktoba 2008 nchini Uganda, wanafunzi 3 wa shule ya bweni walilazwa kwa sumu hiyo hiyo, na mmoja akafariki. Wote 3 walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na wachunguzi walikiona kuwa ndicho chanzo kinachoelekea zaidi. Nyie mnaobeba vikopo vya bwenini, mmesikia?

Sasa, sumu hii inauaje? Inapoozesha. Neva ikitaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu huingia kwenye ncha ya neva na kuizuia kemikali hiyo isitoke. Amri imetumwa, lakini haifiki. Msuli unalegea. Ikifika kwenye misuli ya kupumua, mtu anakufa.

Daktari wa macho wa San Francisco, Marekani, Alan Scott, alijiuliza swali zuri: kama sumu inalegeza msuli, je, nikitia kiasi kidogo mno kwenye msuli mmoja tu, ule unaolivuta jicho? Mwaka 1973 alichapisha majaribio aliyofanya kwa nyani. Mwaka 1980 akachapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza. Desemba 1989 serikali ya Marekani ikaikubali kama dawa ya makengeza kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Baadaye ikajulikana kwa jina la Botox. Leo watu wengi wanaijua kwa kuondoa mikunjo ya uso, lakini ilianzia kwenye makengeza.

INAFANYAJE KAZI KWA MTOTO?

Turudi kwenye kamba yetu. Mtoto hupewa dawa ya usingizi kwa muda mfupi. Daktari huchoma sindano nyembamba kwenye msuli wa upande wa pua, mara nyingi macho yote mawili. Kipimo ni uniti chache tu. Kujua udogo wake, chupa nzima ya Botox ya uniti 100 ina nanogramu 5 hivi za sumu. Gawa gramu moja mara bilioni, uchukue vipande 5!

Baada ya siku 2 hadi 4 msuli wa puani unaanza kulegea. Timu ya sikioni inashinda, na jicho linatoka nje, wakati mwingine hata kupita kiasi. Mzazi asiogope. Ncha za neva hujitengeneza upya, na baada ya miezi 3 hivi msuli unarudi kazini.

Kama sumu imekwisha, mbona jicho halirudi lilikokuwa? Sababu ni mbili. Katika ile miezi ya kulegea, msuli wa puani ulivutwa ukarefuka, na ule wa sikioni ukafupika. Misuli hujirekebisha kulingana na kazi. Pili, ubongo ulipata nafasi ya kupokea picha mbili zinazolingana. Ukizizoea, wenyewe huyashikilia macho yabaki sawa.

Faida zake: hakuna kukata, inachukua dakika chache, na haizuii operesheni baadaye. Hasara nazo zipo. Kope inaweza kushuka kwa wiki kadhaa. Jicho linaweza kupanda au kushuka kidogo kwa muda. Watoto wengi huhitaji sindano ya pili, na wengine huishia kwenye operesheni. Kwa makengeza madogo na ya kati sindano hufanya vizuri. Kwa makubwa sana, operesheni mara nyingi ndiyo bora. Madaktari bado wanabishana ni mtoto yupi anafaa kuanza na ipi.

Kwa hiyo usifike hospitali ukasema, "Daktari, tumekuja kuchomwa sindano." Sema, "Daktari, tumekuja mtoto apimwe." Mengine ataamua yeye pamoja na mzazi.

KUTOKA NYAKAKIKA HADI KWA DAKTARI

Sindano hii huikuti zahanati wala kituo cha afya. Dawa yake hukaa kwenye ubaridi, na anayeichoma ni bingwa aliyesomea macho ya watoto. Lakini safari ndefu huanza na hatua ya karibu.

Hatua ya 1: Kliniki ya mama na mtoto iliyo jirani. Mtoto wa miezi 7 bado ana ratiba ya kupimwa uzito na chanjo. Siku hiyo hiyo mama amwoneshe nesi macho, aombe yaandikwe kwenye kadi.

Hatua ya 2: Hospitali ya wilaya au ya misheni, kama Nyakahanga karibu na Kayanga. Ulizeni mapema siku ya huduma ya macho, ili msitumie nauli bure. Ombeni barua ya rufaa.

Hatua ya 3: Hospitali ya mkoa Bukoba, na kutoka huko kwa mabingwa. Bugando iko Mwanza, KCMC iko Moshi, Muhimbili na CCBRT ziko Dar es Salaam. Ng'ambo ya Mto Kagera, mjini Mbarara nchini Uganda, kipo kituo cha macho cha Ruharo, kinachojulikana kwa kutibu saratani ya macho ya watoto.

Na pesa? Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Hata hivyo nauli, chakula, malazi na pengine miwani hubaki kwa familia. Huo ni mzigo kweli. Hapo ndipo ukoo, kikundi cha mama cha kuweka na kukopa, kanisa au msikiti hukaa pamoja na kupanga. Kuchanga nauli leo ni nafuu kuliko jicho vivu la maisha.

Na majani ya jirani? Hapana. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zimewaachia watu wengi vidonda kwenye kioo cha jicho na upofu. Maziwa ya mama ni ya kunywa, si ya kutia machoni.

MAMBO MATATU YA NYUMBANI

Tukiwa bado na bakteria wetu, beba haya matatu.

Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, hata kwa kulamba. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria huyu, na tumbo la mtoto bado haliwezi kuzizuia zisiote.

Kumbikumbi, senene na nyama visifungwe kwenye mfuko wa plastiki vikiwa vibichi na kuachwa kwenye joto. Vikaangwe na kukaushwa vizuri, au vitiwe chumvi ya kutosha.

Kopo lililovimba litupwe bila kuonja. Na chakula kilichohifadhiwa kichemshwe vizuri: mbegu za bakteria hustahimili kuchemshwa, lakini sumu yenyewe huharibika kwa moto wa kutosha.

NA WEWE ULIYE DARASANI

Labda wewe mwenyewe una makengeza, na unasoma makala haya ukikumbuka majina uliyoitwa. Hujachelewa kupimwa. Jicho vivu la ukubwani huenda lisiamke, lakini macho yanaweza kunyooshwa hata kwa mtu mzima, na miwani inaweza kukusaidia darasani. Unaweza kusoma, kulima, kucheza mpira na kuwa daktari.

Na wewe unayemwita mwenzako majina, acha. Kama huwezi kumshauri aende kwa mtaalamu, basi mwache asome kwa amani.

Turudi nyumbani Nyakakika. Bibi, mama na jirani bado wanakungoja. Mtoto yuko mapajani, jicho moja linakutazama. Sasa una la kuwaambia: "Bibi, ulisema kweli kwamba wengi hunyooka. Lakini huyu amepita miezi minne. Kesho kutwa ni siku ya kliniki. Mama, twende wote, nitambeba mimi."

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya makengeza ya kweli na ya uongo. Utatumia kipimo gani?
2. Kwa nini jicho vivu huitwa tatizo la ubongo kuliko la jicho?
3. Chora misuli miwili ya jicho la kulia, ya upande wa pua na wa sikio. Onesha kinachotokea wiki moja baada ya sindano, na miezi 4 baadaye.
4. Familia ina nauli ya mtu mmoja tu kwenda Bukoba. Mnasema nini kwenye kikao cha ukoo? Igizeni darasani.
5. Taja dalili mbili ambazo hazingoji hata wiki moja.